Kizuri Hakijiuzi Chenyewe: Ujuzi wa Mwanafunzi Unavyogeuka, au Usivyogeuka, Kuwa Biashara

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wanafunzi wengi wa vyuo huingia katika biashara zao za kwanza wakiwa na imani hiyo hiyo, hata kama hawajawahi kuitamka. Mmoja anapiga picha vizuri kuliko wenzake, mwingine anaandika programu za kompyuta, wa tatu anahariri na kutafsiri, wa nne anasuka nywele, wa tano anafundisha hisabati hadi mtu aliyeikatia tamaa anaanza kuipenda. Kila mmoja anaamini kwamba, kwa kuwa kazi yake ni nzuri, wateja watakuja na fedha zitafuata. Baada ya miezi michache baadhi yao wana kazi nyingi mno na fedha kidogo mno, wengine wana sifa nyingi bila mteja hata mmoja anayelipa, na wapo wanaoshtuka kuona matokeo ya muhula yameporomoka. Mara nyingi tatizo haliko katika ujuzi. Liko katika kuyachukulia mambo matatu kana kwamba ni jambo moja: ujuzi, huduma na biashara.

Ujuzi ni uwezo uliomo ndani ya mtu, naye anaweza kuwa nao maisha yake yote bila kupata chochote kutokana nao. Huduma ni ujuzi huo uliopewa umbo ambalo mtu mwingine anaweza kuliagiza, yaani una mwanzo, mwisho, muda na matokeo yanayojulikana kabla kazi haijaanza. Biashara ni mpangilio unaowezesha huduma hiyo kutolewa tena na tena na kubakiza ziada baada ya kila gharama kulipwa, ikiwamo gharama ya muda wa anayeitoa. Anayesema "najua kupiga picha" anataja ujuzi. Anayesema "nitapiga picha za mahafali yako kwa saa mbili, na ndani ya siku tano utapata picha 30 zilizohaririwa" tayari ana huduma. Biashara anaianza siku anapotambua kwamba kazi ile ya saa mbili kwa kweli humchukua saa tisa, kwamba kwa mwezi hawezi kuifanya zaidi ya mara tatu, na kwamba mteja wa nne lazima aambiwe asubiri.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa sababu mteja hanunui ujuzi. Mwenye ofisi ndogo anayetaka tovuti hajali imeandikwa kwa lugha gani ya kompyuta. Anachotaka ni watu waione namba yake ya simu na wampigie. Mzazi anayemtafutia mtoto mwalimu wa tuisheni hajali mwalimu huyo alipata alama gani katika mitihani ya chuo, ila kwa kadiri alama hizo zinavyomhakikishia kwamba mtoto ataelewa. Mwanafunzi anayejitangaza kwa kuorodhesha anayoyajua huwa anajibu swali ambalo mteja hakuuliza.

Nianze na jambo ambalo naliona ndilo zito kuliko yote, kwa sababu ndilo linaloharibu biashara nyingi zenye mwanzo mzuri. Wanafunzi husema hawana mtaji. Katika biashara za huduma, sehemu kubwa ya mtaji huwa tayari ipo: kompyuta ilinunuliwa kwa ajili ya masomo, ujuzi unafundishwa darasani, na wateja wa kwanza ni watu anaokutana nao kila siku. Kilicho haba ni saa. Katika mfumo unaotumika Ulaya kupima mzigo wa masomo, unaoitwa ECTS, mwaka mmoja wa masomo ya kutwa una krediti 60, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Hizo ni saa 1,500 hadi 1,800 kwa mwaka, ambazo zikigawanywa katika wiki 40 zinakuwa kati ya saa 37 na nusu na saa 45 kwa wiki. Marekani, kipimo kilichozoeleka ni saa moja ya darasani na saa mbili za kujisomea kwa kila krediti kila wiki, hivyo mwenye krediti 15 katika muhula anatarajiwa kufanya kazi saa 45 kwa wiki. Kwa maneno mengine, mwanafunzi wa kutwa tayari ana ajira kamili. Biashara yake inaishi katika masalio ya wiki, na masalio hayo hupungua karibu yaishe wakati wa mitihani.

Tuseme amejipatia saa kumi kwa wiki. Hawezi kuziuza zote kumi. Kuna saa za kujibu ujumbe, za kukubaliana na mteja, za kurekebisha alichokosea, za kununua vifaa na za kudai malipo yaliyochelewa. Zikichukua nne, zinazobaki kuuzwa ni sita. Anayeahidi kazi ya saa kumi atalazimika kuzitoa zile nne kwingine, na mwanafunzi hana pengine pa kuzitoa isipokuwa usingizini au vitabuni. Hesabu hii ni fupi na inaweza kufanywa nyuma ya daftari la mihadhara kwa dakika tano, lakini sijaona nyingine inayookoa watu wengi zaidi.

Aina ya huduma nayo inabadilisha namna saa hizo zinavyoliwa. Kupiga picha katika sherehe kunamfunga mtu siku na saa maalumu. Mwalimu akisogeza jaribio hadi siku hiyo, hakuna wa kuisogeza sherehe. Kutafsiri kunaweza kufanywa usiku au alfajiri mradi tarehe ya kukabidhi ifikiwe. Kufundisha kunafunga saa, lakini saa ikiisha kazi nayo imeisha. Kusanifu nembo au tovuti ni kinyume chake, kwa kuwa kunaanza wakati wowote na kunaweza kuendelea bila kikomo, kila siku mteja akiwa na wazo jipya la rangi. Mwanafunzi mwenye ratiba inayobadilikabadilika angefanya vyema kulitazama hili kabla ya kuchagua, hata kama huduma anayoipenda zaidi ndiyo inayolipa zaidi.

Kuhusu bei, kisa cha Carolyn Davidson kinafaa kuelezwa kikamilifu, maana mara nyingi husimuliwa nusu. Mwaka 1971 alikuwa mwanafunzi wa usanifu wa michoro katika Portland State University, jimboni Oregon, Marekani. Phil Knight, aliyekuwa akifundisha uhasibu chuoni hapo huku akiendesha biashara ya viatu, alimwomba achore alama ya viatu vipya. Davidson alichora alama ambayo leo inajulikana duniani kote kuwa ya Nike, na akalipwa dola 35. Mwaka 1983 kampuni hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa imekua sana, ilimpa pete yenye almasi pamoja na hisa kama shukrani.

Wengi hukisoma kisa hiki kama cha mtu aliyepunjwa. Mimi naona kinafundisha jambo la ndani zaidi. Mwaka 1971 hakuna aliyejua biashara ile ingefika wapi, na Davidson alitoza saa zake kama wanafunzi wengi wanavyotoza hadi leo. Lakini mteja alikuwa ananunua zaidi ya saa, kwa maana alikuwa ananunua alama ambayo angeitumia bila kikomo katika kila bidhaa. Muda wa mtendaji na manufaa ya mteja ni vipimo viwili, na bei inayozingatia kimoja tu ina upofu wa upande mmoja. Tena, hisa za mwaka 1983 zilitokana na hisani ya aliyetoa. Hakukuwa na makubaliano ambayo Davidson angeyashika mkononi na kuzidai. Mwanafunzi anayechora nembo leo anaweza kuuliza maswali mawili tangu mwanzo: kazi hii itanichukua saa ngapi zote kwa jumla, na itatumika wapi na kwa muda gani? Jibu la swali la kwanza linampa bei asiyopaswa kushuka chini yake. La pili linamwonyesha ni wapi anaweza kupanda.

Bei ya chini hukosewa kwa njia inayotabirika. Mtu huhesabu saa tatu alizokaa kwenye kompyuta na kusahau saa moja ya mazungumzo, saa moja ya marekebisho na nusu saa ya kuandaa na kutuma. Kazi ni ya saa tano na nusu, yeye ametoza tatu, kwa hiyo kila saa aliyofanya imemlipa kidogo zaidi ya nusu ya kiwango alichodhani anajilipa. Kisha kuna uchakavu wa vifaa. Kompyuta inayotarajiwa kudumu miezi 36 inapoteza sehemu moja ya 36 ya bei yake kila mwezi, na kama nusu ya matumizi yake ni ya biashara, basi sehemu moja ya 72 inapaswa kutoka kwa wateja kila mwezi. Asiyeitenga huamini ana faida hadi siku kompyuta inapokufa, na siku hiyo hugundua kwamba alichokuwa akikitumia kama faida kilikuwa ni kompyuta yenyewe, akiila kidogo kidogo.

Marafiki watataka bei ya urafiki, na si vibaya kuwapa. La muhimu ni kwamba bei kamili itajwe kwanza, kisha punguzo lionekane kuwa punguzo, kwa sababu bei ya kwanza mtu anayoisikia ndiyo anayoipeleka kwa wengine.

Sasa turudi kwenye methali. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alichapisha uchambuzi wa soko la magari yaliyokwisha kutumika, ambao baadaye ulichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2001, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Hoja yake ni kwamba muuzaji anajua kama gari lake ni zima au bovu, ilhali mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hutoa bei ya wastani, inayozingatia uwezekano wa kuuziwa bovu. Bei hiyo humfurahisha mwenye gari bovu na kumkatisha tamaa mwenye gari zima, ambaye hujiondoa sokoni, na hapo ubora wa yale yanayobaki huzidi kushuka. Mwanafunzi hodari asiye na historia ya kazi yuko katika nafasi ya mwenye gari zima. Wateja hawamdharau, hawana tu namna ya kumtofautisha na mwanafunzi mwingine anayesema maneno yale yale.

Kizuri, basi, hujiuza pale tu ambapo mnunuzi anaweza kukiona uzuri wake kabla ya kulipa. Kitambaa kinaweza kushikwa na kunyooshwa. Tafsiri haiwezi kupimwa na mtu asiyeijua lugha ya asili, na huyo hasa ndiye anayeihitaji tafsiri. Kadiri huduma inavyokuwa ngumu kuihakiki, ndivyo mtoaji anavyolazimika kuleta ushahidi wa pembeni. Sampuli tatu au nne zinazofanana na kazi ambayo mteja anaihitaji zina nguvu kuliko mkusanyiko wa kazi 20 za kila aina. Kazi ndogo ya majaribio, yenye malipo madogo, humruhusu mteja kuhatarisha kidogo kabla ya kuhatarisha kikubwa. Neno la mtu ambaye mteja anamfahamu hupita matangazo yote. Kazi ya bure nayo ina nafasi yake, ikiwa imechaguliwa na mtendaji mwenyewe, ina mwisho, na inamwachia kitu cha kuonyesha. Kujitembeza kwa namna hii hakuna aibu yoyote.

Mteja akishakubali, maelewano yaandikwe. Haihitaji mwanasheria, ujumbe wa simu unaotaja kazi ni ipi, itakabidhiwa lini, marekebisho ni mara ngapi, bei ni kiasi gani na arbuni ni kiasi gani unatosha kwa kazi ndogo nyingi, mradi mteja ajibu kwamba amekubali. Kipengele cha marekebisho ndicho kinachosahaulika zaidi na ndicho chenye gharama kubwa, kwa sababu "badilisha kidogo tu" ikirudiwa mara sita imekuwa kazi ya pili isiyo na malipo. Arbuni nayo hufanya mambo mawili kwa pamoja: hugharimia vifaa vya kuanzia, na huonyesha kwamba mteja ana nia ya kweli. Lakini inapopokelewa bado haijawa mapato. Ni deni la kazi hadi kazi ikabidhiwe, na mwanafunzi anayeitumia kulipia chumba anachopanga amekopa kwa mteja bila kumwambia.

Hapo ndipo methali nyingine, mali bila daftari huisha bila habari, inaposema kweli bila masharti. Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, alichapisha huko Venice mwaka 1494 maelezo ya namna wafanyabiashara walivyoandika kila muamala pande mbili, na uhasibu wa leo bado unasimama juu ya utaratibu huo. Biashara ya mwanafunzi haihitaji vitabu vya kiwango hicho. Inahitaji fedha zake zikae mbali na fedha za matumizi ya nyumbani, na kila kinachoingia na kutoka kiandikwe siku ile ile.

Swali la nani anamiliki kazi iliyofanywa lina utata zaidi, na hapa uzembe unaweza kuumiza miaka mingi baadaye. Chini ya Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886 na ambao nchi nyingi za dunia zimejiunga nao, hakimiliki ya mchoro, picha, maandishi au programu huzaliwa pamoja na kazi yenyewe bila kusajiliwa popote, na kwa kazi nyingi hudumu angalau maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa mtu anayejitegemea, kulipwa pekee katika nchi nyingi hakuhamishi haki hiyo. Uhamisho unahitaji makubaliano, na mara nyingi sheria hutaka yawe ya maandishi. Mteja anayedhani amenunua kila kitu na msanifu anayedhani ameuza matumizi ya mara moja tu watagombana siku moja, na wote wawili watakuwa wakweli wa nafsi.

Chuo chenyewe kinaweza pia kuwa na haki. Mbinu ya kupanga kurasa za intaneti iliyoanzisha Google ilibuniwa na Larry Page akiwa mwanafunzi wa Stanford, na hataza yake, yaani haki ya kisheria ya kuumiliki ubunifu huo, iliandikishwa kwa jina la chuo hicho. Kampuni ilipata leseni ya kuitumia kwa kukipa chuo hisa, ambazo Stanford iliziuza baadaye kwa takriban dola milioni 336. Mwanafunzi anayetumia maabara, vifaa au fedha za utafiti za chuo katika kutengeneza anachotaka kukiuza anapaswa kuisoma sera ya chuo chake kabla, wakati bado ana nafasi ya kuchagua. Halikadhalika, leseni za bei nafuu ambazo kampuni za programu huwapa wanafunzi mara nyingi zinakataza kazi ya kibiashara, na wengi huzivunja bila hata kujua.

Sheria za nchi hutofautiana mno kiasi kwamba yaliyo halali mahali pamoja huwa kosa mahali pengine. Mwanafunzi wa kigeni nchini Uingereza mwenye viza ya masomo kwa kawaida haruhusiwi kujiajiri, hata kama anaruhusiwa kufanya kazi ya mshahara kwa saa zilizowekewa kikomo. Kwake yeye, kuuza huduma ndogo tu kunaweza kuhatarisha ukaaji wake. Nchini Marekani, anayejiajiri na kupata faida ya dola 400 au zaidi kwa mwaka anatakiwa kuitolea taarifa ya kodi, kiwango ambacho mwanafunzi anaweza kukifikia bila kujiona kuwa mfanyabiashara. Wanaotegemea ufadhili au mkopo wa masomo wana masharti yao pia. Kuuliza ofisi husika mapema huchukua siku moja.

Ipo biashara moja ambayo sitaiita jina lingine ila udanganyifu, nayo ni kuwaandikia wengine kazi za darasani kwa malipo. Huwa na wateja tele na hulipa haraka, na ndiyo maana wanafunzi wenye vipaji vya kuandika huvutwa nayo. Australia ilipitisha sheria ya kuizuia mwaka 2020, na England mwaka 2022, mbali na adhabu ambazo vyuo vyenyewe hutoa kwa pande zote mbili. Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwandishi huyo anajenga ujuzi asioweza kuuonyesha kwa yeyote: hana sampuli, hana mteja wa kumsifu hadharani, na anaye mtu anayejua siri yake. Kufundisha, kueleza dhana na kumwonyesha mwenzake makosa katika rasimu aliyoiandika mwenyewe ni kazi halali inayotokana na kipaji hicho hicho, pale kanuni za chuo zinapoiruhusu.

Michael Dell, mwanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Dell, alianza kuuza kompyuta alizoziboresha akiwa chumbani kwake, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa University of Texas mjini Austin, mwaka 1984, kwa mtaji wa dola 1,000, na akaacha chuo. Kisa chake hutajwa kuhalalisha kuacha masomo. Kinachorukwa ni mfuatano wa mambo: aliuza kwanza, wateja wakawepo, ndipo akaondoka. Biashara nyingi za wanafunzi hazitafika huko na hazina sababu ya kufika. Zinaweza kulipia vitabu, kumzoesha mtu kuzungumza na wateja, kisha zikafungwa kwa heshima.

Kufunga huko, hata kwa muda, kunahitaji kupangwa kama kulivyopangwa kuanza. Wiki tatu au nne kabla ya mitihani wateja waambiwe tarehe ya mwisho ya kupokea kazi, na baada ya tarehe hiyo arbuni mpya isipokelewe. Kazi isiyoweza kukamilika ikabidhiwe mwenzake anayeiweza, kwa ridhaa ya mteja, au fedha zirudishwe pamoja na kile kilichokwisha kufanyika. Mafaili ya mteja yatumwe yote, nywila za tovuti yake zikiwemo. Siku ya kufungua tena itajwe katika ujumbe ule ule, maana mteja anayejua tarehe hiyo huweza kusubiri, na ambaye hawezi kusubiri bado ana muda wa kumtafuta mtu mwingine.